Sauti Yangu Kwenye Simu ya Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kuanza na neno lenyewe. Akinipigia simu kutoka Lokiriama, kwanza aliuliza nimelalaje. Kisha watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kisha mume wa dada yangu, ambaye hakumpenda hata kidogo, lakini alimuulizia vilevile kwa sababu salamu si mapenzi, ni haki ya mtu. Halafu zamu yangu ya kuuliza, naye kujibu ejok, njema: mbuzi, ejok, ngamia, ejok, nyasi, ejok, yule punda mwenye sikio lililochanika, ejok. Kila kitu kilikuwa chema. Hata kama fisi alikuwa amemla punda juzi, ilikuwa ejok kwanza, tukaenda mbele, na baadaye sana ndipo aliposema kwa sauti ya kawaida kwamba sasa yule punda, fisi alimpata.

Asitucheke mtu. Nimekaa matangani na watu wa kila kabila, na nimesikia mwenye macho mekundu ya kulia akiulizwa habari akajibu salama, salama tu, tumefiwa. Ni desturi ileile, ila sisi huku tunaivuta zaidi. Na ina sababu. Kwetu mtu anayekurukia na neno lenyewe bila salamu ameleta msiba, au habari kwamba mifugo imechukuliwa. Ukisikia hivyo unatafuta kwanza mahali pa kukaa.

Nafanya kazi katika kampuni ya simu, ofisi ya Lodwar, upande wa kuhudumia wateja. Siku nyingine napelekwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nakaa chini ya mwavuli wa kampuni kando ya kibanda cha wakala wetu, mama mmoja Mkongo anayeuza laini, vocha, sabuni na samaki wakavu kwenye meza moja. Bei za simu hatuzipangi sisi. Zinashuka kutoka Nairobi nasi tunazipokea kama tunavyopokea jua, kisha tunakaa siku nzima tukiwaeleza watu kwa nini ni kali.

Mwaka mmoja ikaja bei mpya. Zamani mtu aliongea mpaka salio lake liishe, sekunde kwa sekunde, na kama alipenda salamu alilipia salamu. Bei hiyo haikuondolewa, ilipandishwa tu mpaka ikawa ya wenye nacho. Mahali pake wakaleta bando la Fupi. Fupi lilikuwa rahisi kweli. Ulinunua kipande cha maongezi, kipande kikiisha laini inakatika, na ukitaka kuendelea unabonyeza namba upya na kununua kingine. Vijana walilipenda. Kijana anapiga, anasema, "Niaje, uko wapi, nakuja," amemaliza. Nadhani aliyelibuni alikuwa kijana, na mama yake anaishi mtaa wa pili.

Kabla laini haijakatika, sauti iliingia kumwarifu aliyepiga. Kampuni ikataka sauti hiyo iwe ya Kiturkana pia, ili wazee wasiojua Kiswahili wasidhani simu imeharibika. Ofisi nzima ikanigeukia. Wakanifungia kwenye stoo, wakatundika mablanketi ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie, nikasema maneno niliyopewa: muda wako umekwisha, asante kwa kuzungumza. Mara ya kwanza walisema nimekuwa mkali. Mimi ni mkali, watoto wangu watakuambia. Basi nikasema tena kwa upole, kwa sauti ninayoitumia nyumbani nikiwa nimeshiba na sina deni la mtu, wakapiga makofi. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Niliwaza kwamba hata bibi wa Kaaleng ambaye hajawahi kuonana na mtu wa kampuni atasikia lugha yake.

Wa kwanza kunitambua walikuwa watu wa Kakuma. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya meza, akanisikiliza nikimhudumia mwingine, akaanza kucheka.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndio unakata sisi kwa simu. Mimi najua hii sauti. Mimi naambia shemeji yangu ejok, ejok, bado ata sijafika kwa mbuzi, wewe unaingia."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Yule mama Mkongo hakucheka sana. Alipanga samaki wake upya, akaniambia, "Yaya, batu banasema ni weye uko unabakatia. Njo vile banasema. Mimi niko nabaambia ni mashini, lakini sauti ni ya kwako."

Kwake mambo yalikuwa yaleyale. Wateja wake Wakongo na Warundi nao hawajui kuingia moja kwa moja kwenye jambo. Mtu anampigia mama mkwe huko ng'ambo, ataanzaje na shida yake kabla hajauliza mguu wa mama mkwe? Alijaribu kuwafundisha: sema shida kwanza, salamu utamalizia. Mwanamke mmoja akafuata ushauri wake, na huko nyumbani wakaangua kilio kabla hajafika popote, wakijua amefiwa, kumbe alitaka tu wamtumie picha ya cheti chake cha kuzaliwa. Baada ya hapo hakumfundisha mtu tena.

Niliyaona haya yote kama mambo ya kazi mpaka siku kaka yangu aliponipigia. Kaka ndiye anayekaa na baba Lokiriama, na simu ya boma ni yake. Tulisalimiana haraka haraka, kwa maana yeye ameshalizoea Fupi. Akasema, "Mzee anauliza ulimkasirikia kwa jambo gani."

"Mimi?"

"Anasema kila akikupigia unamwambia muda wake umekwisha."

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Nilimweleza kaka habari ya stoo na mablanketi, kwamba ile ni rekodi, wanaisikia wote, si yeye peke yake. Kaka akasema amekwisha kumweleza yote hayo. Baba yangu si mjinga, naomba hilo lieleweke. Aliuza mbuzi kwa simu kabla mimi sijaajiriwa. Alikuwa amemjibu kaka hivi: redio nayo ni mashine, lakini anayesema ndani yake ni mtu, na amekubali kuyasema. Je, huyu mtoto aliyasema maneno hayo au hakuyasema?

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Ningemjibu nini? Nilimwambia uliyasema."

Kisha akaongeza lile lililonikosesha raha tangu siku ile. Mzee amekonda, anakohoa, na ana neno ambalo anataka kuniambia mwenyewe. Kaka alijitolea kulibeba, mzee akakataa. Alisema si neno la kubebwa. Kila alipopiga alikuwa akiliendea, polepole kama kawaida yake, na kila alipokaribia mimi niliingia na upole wangu.

Nilimpigia mimi mwenyewe jioni ileile, kwa laini ya wafanyakazi ambayo haikatwi. Nikajua nimepata dawa. Kaka akampa simu. Nikamsikia akipumua. Nikaanza: umelalaje, baba? Akasema ejok. Nikauliza mbuzi. Akasema ejok, ejok, ejok, mara moja kwa mambo yote, kama mtu anayelipa nauli ashuke, na simu ikarudi kwa kaka. Siku nyingine nilipopiga alikuwa ameinuka na kwenda kuketi upande wa pili wa boma. Hakununa, kaka alisema. Alisema tu kwamba mtoto ana kazi nyingi na yeye hataki kumbana.

Niliomba likizo. Meneja wetu wa Lodwar, mtu mwema asiye na makuu, aliniambia nisubiri kidogo, matokeo ya nusu mwaka yako karibu na hakuna ruhusa kwa mtu yeyote mpaka yatangazwe. Niliomba basi wabadilishe sauti, waweke ya mtu mwingine, hata ya adui yangu. Akaandika Nairobi mbele yangu. Nairobi wakajibu kwa adabu kwamba wamepokea.

Halafu akaja mkubwa mmoja kutoka Nairobi. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali ya wawekezaji, na kabla ya matokeo hupita kwenye ofisi za mbali ili akiulizwa awe na la kusema. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, amevaa viatu visivyofaa mchanga wetu. Alitukalisha, akatueleza jinsi mambo yanavyokwenda huko juu, na alieleza vizuri, nimkubalie hilo. Mwanzoni mwa mwaka kampuni huwaambia wenye hisa: tunakadiria kupata kiasi fulani. Hayo huitwa makadirio, lakini yakishatamkwa si makadirio tena, ni ahadi. Ukipungukiwa, wanauliza. Wakiuliza na jibu lako likasitasita, hisa zinashuka kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo bei ya simu iliyowekwa haiguswi katikati ya mwaka, maana ahadi imesimama juu yake.

Niliinua mkono. Nilimwambia watu wa huku hawamalizi salamu. Nilimwambia mtu ananunua kipande, anatumia chote kuuliza habari, anakatwa, hana cha kununulia kingine, na lile lililomfanya apige linabaki kifuani. Nilimwambia na la baba yangu pia. Sikupanga kulisema, lilitoka tu, mbele ya wenzangu.

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Pole sana, dada," akasema. "Nimekusikia. Kweli nimekusikia." Akaniuliza maswali ya maana: salamu huchukua muda gani, huwa wanapiga mara ngapi, kwa nini wasianze na jambo lenyewe. Nilimjibu yote. Mwishoni akasema kwa sasa tuko kwenye kipindi cha kimya. Hizo ni siku kabla ya matokeo ambapo mtu wa kampuni haruhusiwi kuzungumza habari ya mapato wala bei na mtu wa nje, wala kubadilisha chochote kitakachozua maswali. Baada ya hapo ataona la kufanya. Akanipa mkono kwa mikono miwili. Nilirudi mezani kwangu nikiwa mwepesi, na usiku ule nililala.

Siku ya matokeo tuliruhusiwa kusikiliza mkutano wa wawekezaji kupitia kompyuta ya meneja. Wengine walileta viti, mmoja akaleta soda. Mkurugenzi alisoma hesabu kwa Kiingereza kilichonyooka, na kila hesabu ilikuwa imepanda. Kisha maswali. Wawekezaji wanauliza kwa upole sana, wanashukuru kwanza, wanapongeza, ndipo wanauliza. Nikawaza, kumbe hata hawa wana salamu, na hakuna anayewakata.

Mwanamke mmoja, sauti yake ilitoka mbali, akasema ameona kwamba kaskazini muda wa wastani wa simu umepungua tangu bei mpya ianze. Je, wateja wanakimbia? Na kama wanakimbia, makadirio ya mwaka yatasimama?

Nilisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. Ni swali langu, neno kwa neno, limezunguka dunia na kurudi likiwa na mwenyewe mwenye pesa. Mkurugenzi akampisha yule kijana wa viatu.

"Asante kwa swali zuri," akasema. "Nimetoka huko hivi karibuni, nimezungumza na watu wetu walioko huko. Wateja hawakimbii. Zamani sehemu kubwa ya kila simu ilikuwa salamu tu. Sasa wanajifunza kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Wanapiga mara nyingi zaidi, kwa kifupi zaidi. Ni mabadiliko ya tabia, na tunaona ni ya kudumu. Makadirio yetu yanabaki palepale."

Yule mwanamke akasema asante, hilo linatia moyo. Akaja mwingine na swali la minara.

Nilitaka kusema sivyo. Nilifungua kabisa mdomo wangu. Lakini kompyuta yetu ilikuwa ya kusikiliza tu. Vipaza sauti vya ofisi za mbali vilikuwa vimezimwa tangu asubuhi kutoka Nairobi. Dua la kuku halimpati mwewe, na mimi hata dua lenyewe halikusikika. Wenzangu walikuwa wakipongezana, maana matokeo mazuri ni bonasi kwa kila mtu, nami pia. Meneja alinitazama, akatazama soda yake. Sikumchukia. Hata yule kijana nimejaribu kumchukia nikashindwa, kwa sababu hakusema uongo. Aliyachukua niliyomwambia, akayageuza tu yatazame upande wa pili.

Kuhusu sauti, jibu lilikuja juma lile. Walisema wameipima kwa wateja, imepata alama nzuri kuliko zote, watu wanaisikia ina utu, na wanafikiria kuitumia kwa huduma nyingine.

Ruhusa ilitolewa. Nilipanda gari la mizigo asubuhi, tukapita Lorugum, tukaingia ile barabara inayomeza matairi, na njia nzima nilikuwa nikipanga. Nilijua nitakachofanya. Nitakaa mbele yake, ana kwa ana, bila mashine yoyote kati yetu. Nitamsalimia salamu zote, za watoto, za mume wa dada yangu, za kila mnyama, hata zile anazosahau. Nitamwacha alifikie neno lake kwa mwendo wake, hata likichukua siku mbili. Nilikuwa na likizo, nilikuwa na sukari, majani ya chai na tumbaku yake. Nilikuwa na nafasi kuliko mtu yeyote duniani.

Kaka alinipokea pale magari yanaposimama, akabeba mzigo. Baba alikuwa kivulini, ameketi kwenye ekicholong, kile kigoda chake anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Alikuwa amekonda kuliko nilivyoambiwa. Shingo yake ilikuwa ya mtoto. Aliponiona nikija aliinua uso, na nikaona amefurahi, hilo sina shaka nalo, alifurahi mpaka midomo ikamcheza. Nikapiga magoti mbele yake, nikavuta pumzi nianze.

"Ugonjwa huu hauponi," akasema baba. "Ng'ombe mwekundu na ndama wake ni wako, kaka yako amesikia, msigombane. Nizikwe hapa, si Lodwar. Mama yako alikulilia ulipokwenda shule, mimi ndiye niliyekataa usirudishwe, na sikujuta. Ndilo neno."

Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika, huku macho yake yakiwa kwenye mdomo wangu. Kisha akaanza kukohoa. Kaka akamshika mgongo.

Nilitafuta mahali pa kukaa, na nilikuwa tayari chini.

"Baba," nikasema, "hatujasalimiana."

Alisubiri kikohozi kipite. "Salamu zinamaliza muda," akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayekumbushana na mwenzake bei ya sukari. Akanishika mkono. "Nimewahi kumaliza?"

Nikasema umewahi, baba. Nikamwambia hapa hakuna muda unaokwisha, nimekuja kukaa, sikati. Nikaanza kumsalimia huku nalia. Nikauliza amelalaje. Nikauliza mbuzi, nikauliza ngamia, nikauliza nyasi. Alinijibu ejok kwa kila kimoja, upesi upesi, na baada ya kila jibu alinyamaza kidogo na kutega sikio, akisubiri nimshukuru kwa kuzungumza.